Nina Mnunuzi

Katika nchi ya Marekani kuna kazi moja ya kutafuta faida katika nyumba, nayo imenipa kufikiri siku nyingi. Mtu anakwenda kwa mwenye nyumba aliyebanwa na shida. Tuseme ni mjane, ana deni la kodi na paa lavuja. Wanaandikiana mapatano ya kununua kwa dola 80,000. Lakini yule mtu hana fedha hizo, wala haitaki nyumba. Anatafuta mwenye fedha, anamwuzia yale mapatano kwa dola 15,000, na huyo wa pili ndiye anayemlipa mjane. Mara nyingi mjane hana habari mpaka siku ya kutia sahihi.

Huko, anayeuza nyumba ya mwenzake kwa malipo sharti awe na kibali cha jimbo lake. Kwetu Lubumbashi na Bukavu tungemwita komisionere, watu wa pwani dalali. Anayeuza mali yake mwenyewe hahitaji kibali. Basi wale watu hujitetea: Hatuuzi nyumba ya mjane, twauza mapatano yetu. Si hoja ya kuchekwa. Hata hivyo jimbo la Illinois lilibadili sheria mwaka 2019: anayefanya biashara hiyo mara mbili au zaidi katika miezi 12 sharti awe na kibali.

Asiye na kibali, basi, anaogopa hata kumtajia mjane wanunuzi. Akisema, “Nina mnunuzi, nitawapatanisha,” amesema maneno ya komisionere, na aweza kushtakiwa. Akinyamaza, yuko salama zaidi. Tazameni ajabu hii: sheria iliyowekwa kumlinda mjane inamfundisha mtu kumficha mjane.

Je, kunyamaza huko ni kosa? Swali ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristu, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu. Humo anasimulia habari za mfanyabiashara aliyeleta ngano Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba merikebu nyingine zi njiani. Awaambie watu, au auze kwanza kwa bei ya juu? Cicero alikubali kwamba si kila anayenyamaza anaficha. Lakini huyu, kwa kuwaacha wenzake gizani apate faida, alimhukumu kuwa na kosa.

Mama auzaye mihogo sokoni hatuambii aliinunua kwa bei gani, wala hatumlaumu. Lakini yeye alitoa fedha zake, na mihogo ikioza hasara ni yake. Huyu wa Marekani asipopata mnunuzi, mara nyingi huachana na mapatano, na mjane amepoteza majuma akihesabu fedha ambazo hazikuwapo. Faida yake pengine aweza kuinyamazia; hapo nasitasita. Ila kwamba mfuko ni mtupu, hilo mjane lazima alijue.

Angeweza kumwambia: “Mama, fedha sina. Nitatafuta mtu wa kushika nafasi yangu, na faida ni yangu. Mimi si mtumishi wako; waulize na wengine kwanza.” Kama kusema hivyo kunahitaji kibali, na aende akasome, afanye mtihani, akichukue. Pengine mjane, akiisha kumsikia, atamfungia mlango.