Haki ya Kujificha

Nilizaliwa Bukundi, wilayani Meatu, bara kwelikweli, mahali ambapo maji huhesabiwa kwa ndoo na chumvi ilikuwa na safari yake: wazee wetu Wasukuma waliifuata kwa miguu hadi Ziwa Eyasi. Kwa hiyo nilipokwenda kumjulia hali baba mdogo, nikamweleza kwamba huku kisiwani nina tangi la kioo la lita 300, na kila lita ina gramu 35 za chumvi, alitikisa kichwa.

“Zaidi ya kilo kumi za chumvi kwa samaki mmoja! Utamla lini?”

Nikamwambia haliwi, hutazamwa.

“Haya, yukoje?”

Hapo nikakwama, maana kwa kweli simwoni.

Tangi hilo niliachiwa na mpangaji mgeni aliyerejea kwao, na samaki akiwamo. Wafugaji humwita kometi, jina la nyota yenye mkia. Wataalamu humwita Calloplesiops altivelis. Ni mweusi, amenyunyiziwa vitone vyeupe mwili mzima, na mapezi yake ni mapana kuliko haja. Kwao ni kwenye mianya ya matumbawe, tangu Bahari ya Shamu na mwambao wetu hadi visiwa vya Pasifiki. Mchana hukaa pangoni. Magharibi ikiingia hutoka kuwinda samaki wadogo na kamba. Akitishwa hutia kichwa shimoni na kuuacha mkia nje. Mwishoni mwa pezi la mgongo ana doa mfano wa jicho, na adui hudhani amekutana na kichwa cha mkunga. Dume ndiye alindaye mayai, pangoni humo humo. Ulinzi wake, ndoa yake na malezi yake, yote yamo shimoni.

Mwezi wa kwanza nilitenda kosa ambalo bado linanisumbua. Walikuja wageni, watoto wakataka kumwona, nami nikatoa mawe mawili makubwa. Akajibanza nyuma ya bomba la pampu, akihema upesi, na kwa siku nane hakula. Nikayarudisha mawe usiku, kama mtu arudishaye alichoiba, nikaongeza na mengine. Siku ya tisa kamba niliomwekea walitoweka. Tangu hapo nina tangi la mawe.

Yupo atakayesema samaki hana haya, ana hofu tu. Nakubali, haya ni neno la watu. Lakini mimi ni mtu, na ni mimi niliyeondoa mlango. Sisi tuliolelewa au kuhamia pwani twajua sitara: haingiwi nyumba ya mtu pasi na hodi, na aliyeko chumba cha ndani haitwi ukumbini ili wapita njia wamtazame. Katika kazi ya tafsiri pia nimewahi kulitenda kosa hilo. Shairi lilikuwa na neno lililokaa kivulini, nikalitoa juani ili msomaji asitaabike. Likaeleweka, na likafa.

Basi kwa nini nisimrudishe baharini? Bahari iko hatua chache kutoka mlangoni pangu. Lakini samaki aliyeishi tangini hafai kuachiwa ovyo: huenda amebeba maradhi aliyoambukizwa na wenzake wa bahari nyingine, na huyu sijui alivuliwa wapi. Wavuvi wanaouza samaki wa mapambo siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Ila mimi sitanunua mwingine. Huyu ana haki ya pango, maji safi na kamba wake. Kumtazama si haki yangu, ingawa, nikiri, kila magharibi huzima taa nikakaa kimya kitini, nikisubiri.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho.

“Na siku akifa, utajuaje?”

“Nitaamka niwakute kamba wote wapo.”

Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama huko kwetu kisiwani mvua imeshanyesha.