Dola Nne kwa Ekari

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenye ardhi kule Kitengela, mwendo mfupi kutoka hapa Isinya, walianza kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasifanye kitu. Wasizungushie ua, wasichimbe mawe, wasilime, wawaachie nyumbu na pundamilia nafasi ya kuingia na kutoka Mbuga ya Nairobi. Malipo yalikuja kwa awamu, yakalenga msimu wa karo. Wazee wengine bado husimulia jambo hilo kama kichekesho: mzungu analipa mtu akae tu!

Mimi halinichekeshi. Ukilipwa ili usiharibu kitu, bado unakitunza, ama umekodisha dhamiri yako hadi mkataba uishe?

Kuna utafiti wa mwaka 2000 wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliofanywa katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao walianza kutozwa faini. Basi wakachelewa zaidi. Na faini ilipoondolewa, hawakurudia hali yao ya mwanzo. Zamani waliona haya mbele ya mwalimu. Sasa walijua bei. Nikajiambia, ndiyo hayo: pesa hufukuza haya, na haya ikiondoka hairudi.

Halafu nikaenda Gazi, Kwale, Februari, kaskazi ikiwa shwari. Mzee mmoja alitupakia kwenye kidau cha makasia, maji yakiwa yamejaa kiasi cha kupita katikati ya mikoko. Mtu wa nyanda kavu kama mimi huona mizizi ile kwanza kama uchafu: imepinda, imejaa matope na chaza. Mzee alikuwa akitaja miti kama mtu anayetambulisha jamaa zake. Huu mkoko, ule mchu, ule pale mkandaa. Tulipotoka kwenye ghuba tukavaa miwani na mrija, tukainamisha uso majini. Chini yetu palikuwa na majani ya bahari, na tafi wadogo wakiyala kama mbuzi. Tafi hao, mzee alisema, wengi hukulia kule kwenye mizizi tuliyoipita.

Nilimwuliza, “Mzee, zamani mlikuwa mkiikata?”

“Sana, mwanangu. Boriti ndiyo nyumba. Kuni pia. Na viwanda navyo vikaja kuchukua.”

“Na sasa mnalipwa msiikate?”

Akaacha kupiga makasia. “Nani alipwa? Kwani umeniona na pesa mimi? Yalipwa maji.”

Alikuwa anasema kweli. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa huingia mfuko wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Zimeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Msitu wenyewe ni wa serikali, hakuna mwanakijiji mwenye hati ya mti hata mmoja. Na kwa kuwa watu bado hujenga, mradi ulipanda mivinje ili wapate nguzo. Hilo la mivinje ndilo lililonigusa kuliko kaboni. Kumkataza mtu ni rahisi. Kumwuliza atajengea nini, hapo ndipo wengi hunyamaza.

Kwa hiyo nimeanza kushuku kwamba Haifa si jibu la kila kitu. Kule faini ilimfikia mzazi mmoja mmoja, ikamnong’oneza: hili ni lako na pesa zako. Dola nne zilisema hivyo hivyo. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na baada ya hapo kila mtu alikuwa na kipande chake, hesabu yake, na dalali wake. Gazi, anayekata mkoko usiku anagusa bomba la jirani. Haya haikufukuzwa, imepewa mahali pa kukaa. (Sisemi Gazi ni pepo. Mwenye nyumba ya udongo inayoanguka huona boriti zile kila asubuhi, na kaboni haiezeki paa.)

Hapa kwetu swali limefika mlangoni. Upande wa mashariki majirani wameshaweka waya, na baba ameambiwa ekari zake zikatwe ploti za hamsini kwa mia. Dola nne haziwezi kushindana na bei hiyo, na simlaumu anayeuza. Karo ni karo. Nilimwambia habari za Gazi. Nikamwuliza kama majirani watano wangeacha njia moja wazi, na malipo yoyote yaende kwenye kisima, si mfukoni, je, angekubali?

Alifikiri muda mrefu. Akauliza, “Na ufunguo wa kisima atakaa nao nani?”

Dalali anakuja Jumamosi.