NENO LA MZAHA NA HAKI YA ALIYETAJWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, akazifanya ndimi zao na rangi zao kuwa mbali mbali ili iwe ishara kwa wenye ujuzi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wengi huuliza juu ya neno linalomtoka mtu kwa mzaha, likamgusa mwenziwe kwa kabila lake au rangi yake: je, msemaji hulaumiwa ilhali moyoni mwake hamna uadui? Mifano ya jambo hili ni mingi. Tumechagua mmoja ulio mashuhuri, kwa kuwa khabari zake zilienea duniani, na waliosema juu yake walikuwa wengi wa kila namna. Nao ni mfano wa Harry, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na mwana wa Charles ambaye leo ndiye mfalme.

KHABARI YENYEWE

Mwaka 2006 kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 21, naye akisomea uafisa katika chuo cha jeshi cha Sandhurst. Siku moja yeye na wenziwe walikuwa katika uwanja wa ndege wakingojea safari ya Cyprus kwa mazoezi ya kijeshi. Akashika kamera, akawa awapiga picha wenziwe huku akisema maneno ya kuwachekesha wasikizaji. Ilipomfikia mwanafunzi mmoja aliyetoka jeshi la Pakistani, akamtaja kuwa ni rafiki yao mdogo, "Paki". Na mwengine aliyekuwa na kitambaa kichwani akamwambia kuwa amefanana na watu wa matambara kichwani, kwa lile neno ambalo askari wa Kizungu hulitumia kuwatukania wavaa vilemba.

Picha hizo zilikaa karibu miaka mitatu. Mwezi wa Januari 2009 gazeti la London lililoitwa News of the World likazitangaza. Jumba la kifalme likajibu kwamba kijana anajuta sana kwa uchungu wowote ambao maneno yake yangeweza kuleta, na kwamba neno la kwanza alilisema pasina uovu, kwa njia ya lakabu ya rafiki apendwaye. Na la pili alikusudia wale waliokuwa wakipigana na Waingereza katika Afghanistan na Iraki. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri Mkuu, na David Cameron, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, wote wawili walisema kuwa maneno yale hayakubaliki. Jeshi likamwonya, likampeleka akafunzwe mambo ya usawa wa watu.

Watu wakagawika. Wako waliosema: huu ni mzaha wa askari, na askari wote huitana kwa lakabu. Wako waliosema: huyu amedhihirisha yaliyo ndani ya nyumba nzima ya kifalme. Sisi tutalitazama jambo hili kwa mizani ya elimu, suala baada ya suala.

SUALA LA KWANZA: Je, kukosa uadui ni udhuru?

Jawabu. Niya ni jambo kubwa katika dini yetu, na hapana asiyejua. Walakini mafakihi hupambanua baina ya dhambi na dhamana. Mtu akijikwaa gizani akavunja mtungi wa jirani yake, dhambi hana, na mtungi ataulipa. Kukosa kusudi humwondolea mtu dhambi, wala hakumwondolei mwenye mtungi haki yake. Na heshima ya mwanaadamu haiwi duni kuliko udongo uliochomwa.

Tena madhehebu yetu ya Shafii yana mlango mwengine utusaidiao kufahamu, nasi twautaja kwa njia ya mfano tu. Maneno ya talaka ni sarihi au kinaya. Kinaya ni neno lenye maana nyingi, na kwa hiyo msemaji huulizwa alikusudia nini. Ama sarihi haina haja ya kuulizwa. Mtu akimtaliki mkewe kwa neno lililo wazi kisha akasema kuwa alikuwa akicheka, kicheko chake hakimfai kitu. Sababu yake ni kwamba neno lililokwisha pata maana kwa watu halingojei kupewa maana nyengine na yule aliyelitamka.

Basi tulitazame neno hili "Paki". Asiyejua atasema: ni jina la nchi limekatwa nusu, lina ubaya gani? Jawabu ni kwamba maana ya neno huletwa na matumizi yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, makundi ya vijana katika miji ya Uingereza walikuwa wakiwaandama watu wa asili ya Bara Hindi na kuwapiga njiani, na neno hilo ndilo lililokuwa vinywani mwao wakati wa kupiga. Wala hawakuuliza nani katoka Pakistani na nani katoka kwengineko. Wahindi waliohama Kenya wakaingia Uingereza mwaka 1968, na wale zaidi ya 27,000 waliopokewa huko baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972, wengi wao walilisikia mabarabarani, ilhali hawakuiona Pakistani maishani mwao. Neno lililopita njia hiyo limekuwa sarihi. Mwenye kulitamka kwa kucheka amelichukua pamoja na mzigo wake, akijua asijue.

Ama hoja ya lakabu, inataka kuangaliwa kwa insafu. Imamu Nawawi na wengineo wameeleza kuwa lakabu aichukiayo mtu ni haramu, na kwamba huruhusiwa kumtaja mtu kwa sifa yake kwa ajili ya kumtambulisha, pasina kumdharau. Ndiyo maana katika wapokezi wa hadithi mna aitwaye al-Aamash, mwenye macho dhaifu, na aitwaye al-Aaraj, kiguru. Walakini lakabu hizo ni za mtu mmoja mmoja. Neno linalowakusanya watu wa nchi nzima lina haki za wengi ndani yake. Hata yule afisa angelikuwa radhi nalo, radhi yake ingelikuwa katika fungu lake yeye tu. Mafungu ya wengine hana mamlaka nayo. Na hao waliosema kwamba mwenyewe hakushitaki, wajue ya kuwa kunyamaza kwa mgeni mbele ya mtoto wa mfalme si dalili ya ridhaa.

Wala usidhani kuwa haya huwapata waovu tu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Abu Dharri, naye ni katika sahaba wakubwa, alimtukana mtu kwa kumuaibisha kwa mama yake. Na wanavyuoni wengi wamesema kuwa mtu huyo alikuwa Bilali, na tusi lilikuwa ni weusi wa mama. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kuwa ndani yake mngali mna sehemu ya ujahili. Hakumwambia kuwa ametoka katika dini, wala hakumwambia kuwa ni jambo dogo. Basi mtu mwema aweza kubaki na kitu kibaya asichokijua, mpaka ulimi wake umfichulie.

SUALA LA PILI: Je, cheo humpunguzia mtu lawama au humzidishia?

Jawabu. Watu wa dunia humpunguzia. Sheria imekataa. Alipoiba mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum, jamaa zake wakatafuta mwombezi, Mtume (S.A.W.) akawaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu ya kumwacha mtukufu na kumwadhibu dhaifu. Na wanahistoria wamesimulia kwamba mwana wa Amri bin Aasi, liwali wa Misri, alimpiga Mkibti mmoja akijifakhiri kwa ukoo wake. Sayyidna Umar akawaita baba na mwana, akampa yule Mkibti fimbo ajilipize. Mwenye cheo husikizwa zaidi na huigwa zaidi, basi na neno lake ni zito zaidi.

Atasema msemaji: mbona imepokewa hadithi inayotuamrisha kuwasamehe watu wenye hadhi makosa yao madogo? Kweli imepokewa, na Imamu Shafii mwenyewe ameifasiri. Amesema kuwa hao ni watu wasiojulikana kwa ubaya, mmoja wao akateleza mtelezo. Basi hadhi hapa ni ya mwenendo, si ya kiti cha baba. Na kijana huyu hakuwa katika mtelezo wake wa kwanza. Januari 2005 alikwenda karamuni amevaa nguo za askari wa Hitler, na alama yao mkononi, na dunia nzima ikaona. Mtu aliyekwisha onywa kwa jambo kama hilo, ilimpasa ulimi wake auweke kufuli mwaka uliofuata.

SUALA LA TATU: Na hao waliotangaza na waliolaumu, je?

Jawabu. Hapa pana mambo mawili yaliyochanganyika. Kumkanya mkosefu ni wajibu, na kuwatahadharisha watu na mwenye madaraka juu yao kuna sura ya haki. Walakini kupeleleza aibu ya mtu na kuiuza ni jambo jengine, nalo limekatazwa katika Sura ya Hujurat, aya inayofuatia ile ya kukataza dharau na lakabu mbaya. Ajabu ni kwamba gazeti lile lililosimama kuwa mwalimu wa adabu lilifungwa Julai 2011, ilipodhihirika kwamba watu wake walikuwa wakiingilia khabari za simu za watu, hata za waliofikwa na misiba.

Na wako waliolaumu kwa furaha. Imepokewa kwamba mlevi mmoja alipokwisha tiwa adabu, watu wakamwapiza, Mtume (S.A.W.) akawakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Lawama ina mpaka, na mpaka wake ni kumrudisha mtu. Ikivuka hapo, mlaumu huwa atafuta raha ya nafsi yake: amlaumu mtoto wa mfalme kwa neno moja, apate kusahau maneno yake mwenyewe.

SUALA LA NNE: Ni ipi njia ya kutoka?

Jawabu. Toba ya haki ya Mwenyezi Mungu ni kuacha, na kujuta, na kuazimia kutorejea. Na ikiwa ni haki ya mja, huzidi sharti ya nne: kumrudishia mwenyewe haki yake. Kwa hiyo radhi isemayo "ikiwa yuko aliyeudhika" ni radhi pungufu, kwani yaulizia jeraha ambalo msemaji alitakiwa alikiri. Na Abu Dharri hakutosheka kwa ulimi. Baada ya miaka alionekana mahali paitwapo Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa nguo namna moja. Alipoulizwa sababu, akasimulia kisa chake mwenyewe.

Tena dunia huzunguka. Kijana huyu alioa mwaka 2018 Meghan Markle, ambaye mamake ni Mmarekani mweusi. Machi 2021, wakihojiwa na Oprah Winfrey, walisema kwamba kabla ya kuzaliwa mtoto wao palikuwa na maneno katika aila juu ya rangi atakayokuwa nayo. Na Januari 2023 alipoulizwa tena, alikataa kuliita jambo hilo ubaguzi, akalinasibisha na mwelekeo wa nafsi ambao mwenyewe hautambui. Hatuijui siri ya nyumba yao, wala hatuhukumu. Lakini tazama jinsi ghafla ya ulimi ilivyokuja kubisha mlangoni kwake, na mara hii aliyetajwa ni mwanawe.

NA SISI WENYEWE

Ewe ndugu msomaji, usifurahi kwa aibu ya Mzungu. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, walakini majina yake yamebaki katika ndimi zetu. Mara ngapi twasikia barazani, baada ya swala, "mshenzi", "mtwana", "mzalia", kisha watu wakacheka na mwenye kutajwa akacheka pamoja nao kwa kuwa hana la kufanya? Na waliokuwa Unguja kabla ya Januari 1964 waliona namna matusi ya kabila yalivyojaa magazetini na majukwaani, kisha damu ikafuata.

Atasema mmoja wetu: mbona vitabu vya madhehebu vimetaja nasaba katika kufu ya ndoa? Ndiyo, vimetaja. Nayo ni haki ya mwanamke na walii wake, wapendapo huiacha; wala haikuwekwa kuwa ruhusa ya kumdharau mtu. Fatima binti Qais alikuwa Mkureshi, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe ndiye aliyemshauri aolewe na Usama, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Alisita mwanzo, kisha akakubali, akapata kheri. Mwenye kukitoa kitabu cha fikihi ili kulinda tusi lake, amekidhulumu kitabu na amemdhulumu mtu.

Basi kila mmoja wetu aanze na baraza yake. Likimtoka neno, asiseme "nilikuwa nacheka". Na amwendee mwenyewe kabla jua halijachwa, amtake radhi bila ya "ikiwa". Na likisemwa mbele yake, asicheke. Kwani kicheko cha wasikizaji ndicho kilichompa yule kijana kamera na maneno.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atakase nyoyo zetu na azihifadhi ndimi zetu, na atughufirie sisi na wazee wetu na Waislamu wote. Amin. Wallahu aalam.