Vilalavyo na Kula



Twaona katika nyumba nyingi za kupanga ya kuwa watu wa mlango huu na wa mlango ule hutumia mita moja ya LUKU. Uniti zikiisha upesi, manung'uniko huanza. Huyu amshuku mwenye pasi, yule amshuku mwenye jokofu, na amani yatoweka kwa neno ambalo hakuna aliyelichunguza.

Basi na tulichunguze. Viko vyombo vilavyo umeme hata vikiisha kuzimwa. Televisheni iliyozimwa kwa rimoti imelala tu, yangoja kuitwa. Tena viko ving'amuzi vya zamani ambavyo, vikilala, hula karibu sawa na wakati wa kazi. Chombo kilalacho na kula wati 10 humaliza uniti 7.2 kwa siku 30, na uniti 87.6 kwa mwaka. Lakini chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu, ambayo watoto hugombezwa kwa ajili yake, kwa kawaida haifikii hata wati 1.

Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilishauri ya kwamba chombo kilalacho kisizidi wati 1, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya namna hiyo. Lakini vyombo vikuukuu vilitangulia sheria hiyo, navyo vingali majumbani mwetu.

Njia ya kujua ni nyepesi. Zimeni vyote pasipo kuvichomoa, ila jokofu lichomolewe kwa kitambo kidogo. Kisha itazameni taa ndogo ya mita. Ikizidi kuwaka na kuzimika, kipo kilacho. Chomoeni kimoja kimoja, hata mwone ni kipi kikichomolewa taa yakawia. Hicho kizimwe ukutani kila usiku.

Bwana wetu alipokwisha kuwalisha wanaume 5,000, aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, vikajaa vikapu 12. Yeye awezaye kuzidisha mikate hakuyadharau makombo. Nasi je, tutaidharau uniti moja, iliyonunuliwa kwa jasho?

Tena kuna hasara ipitayo ile ya fedha, ndiyo kumhukumu jirani kwa kosa la king'amuzi. Kwa hiyo, wapenzi, kabla ya kubisha mlango wa ndugu kwa hasira, twende kwanza mbele ya mita, sisi na yeye pamoja.