Meza Moja, Watu Wawili

Baba anafanyia kazi nyumbani, mama naye vilevile, na chumba ni kimoja. Kama uko Dar, pita Keko kwa mafundi seremala, wakutengenezee meza ndefu ya kukaa wawili, kila mtu na droo yake. Droo ni muhimu kuliko rangi ya ukuta. Ugomvi mwingi huanzia kwenye chaja. Pazia? Doti ya khanga: kipande kimoja dirishani, cha pili katikati yenu, mmoja akiwa kwenye simu. Ukutani tundika picha ndogo ya Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, bei mnapatana. Kwenye kiti tu usibane pesa. Kikalie palepale dukani kabla hujalipa, muuzaji anune akitaka.