Nani Abebe Dhamana?

Mwaka jana shangazi alichomwa sindano ya penisilini hospitalini. Dakika chache tu, midomo ikavimba, pumzi zikambana. Adrenalini ya pajani ikamwokoa, alhamdulillahi. Nyumbani wakasema ni kadari. Mimi nikamlaumu muuguzi. Katika fikihi, tabibu mjuzi asiyevuka mipaka ya kazi yake habebi dhamana ya madhara. Lakini kumuuliza mgonjwa ni dawa gani humdhuru ni sehemu ya kazi hiyo, naye hakuuliza.

Hoja yangu ilikuwa nzuri mpaka nilipokumbuka amoksilini, ukoo mmoja na penisilini, iliyowahi kumtoa vipele mwili mzima. Nilikuwa kando ya kitanda. Niliona haya kumkatiza muuguzi.

Muuguzi nimemsamehe. Shangazi bado sijamwambia.