Nani Alitenda Dhambi?



Mama mmoja wa Muyinga alificha uvimbe wa titi chini ya kitenge kwa miezi mingi. Aliponiita nimwombee, hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Mchungaji, nani amenifanyia hivi?" Jirani yake kutoka Gitega alisema ni uburozi. Mwingine alisema ni pesa anazoweka kwenye sidiria. Wa tatu alinong'ona: ni adhabu ya uzinzi.

Nawaelewa. Sisi tuliokimbia nyumba zetu tunataka kila msiba uwe na mwenyewe. Lakini tuangalie majibu hayo yanazaa nini. Akiamini amerogwa, jirani anakuwa adui na fedha zinakwenda kwa mganga. Akiamini ni adhabu, anaona haya kwenda kwa daktari. Uvimbe nao haungoji.

Kansa ni chembe za mwili zinazoongezeka bila utaratibu. Ya titi haina sababu moja. Umri na urithi wa ukoo huchangia; pesa kwenye sidiria haziileti. Ya mlango wa kizazi, karibu yote hutokana na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana.

Hapo wengine wataokota mawe: "Si tulisema ni uzinzi!" Hapana. Wengi sana waliowahi kuoa au kuolewa wamekipata wakati fulani, na mara nyingi huisha chenyewe. Kwa wengine hukaa miaka bila dalili. Mama asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe anaweza kukipata.

Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza juu ya kipofu: ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili, akatengeneza tope, akampaka macho.

Basi, kutafuta sababu si kosa. Kosa ni kuitafuta ili tupate wa kumlaumu. Tukiitafuta ili tuokoe, inatufungulia mlango: kuna chanjo kwa wasichana, na kuna kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, kwa akina mama kuanzia miaka 30, na 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Nami nakiri: nilimwombea yule mama wiki mbili kabla ya kumwambia aende hospitali. Alifika amechelewa, tukamzika.

Akina baba, mkeo akikuambia ana uvimbe au anatoka damu isiyo ya kawaida, usimwulize amefanya nini. Omba naye, kisha mfuatane hospitali siku hiyo hiyo.